Mbona Bado Twanunua Mtungi wa Gesi?

SWALI: Ndugu Mhariri, nimesikia kwamba kuna unga ambao, ukipigwa na jua, hugeuza hewa ya ukaa kuwa mafuta. Kama ni kweli, mbona bado twanunua mtungi wa gesi?
Mwalimu wa sekondari, Morogoro

JIBU: Ni kweli, Mwalimu, wala si habari ya jana. Mwaka 1979 Akira Fujishima na wenzake wa Japani walieleza jinsi walivyomulika unga wa vichocheo kadhaa, yaani vitu vinavyoharakisha mabadiliko ya kikemia, ikiwemo titani dioksidi, ambayo ndiyo hutia weupe katika rangi za nyumba, ukiwa ndani ya maji yenye hewa ya ukaa, wakapata methanoli, ambayo ni kimiminika kiwakacho, asidi ya fomiki, na kidogo cha methani, ambayo ni gesi iwakayo.

Mwanga unapoupiga unga huo, elektroni huruka na kuacha matundu; matundu hujazwa kwa elektroni za maji, na zile zilizoruka huweza kupokewa na hewa ya ukaa. Tatizo ni kwamba hewa ya ukaa ni kama majivu: imekwisha kuungua, na nishati iliyotoka wakati wa kuungua sharti irudishwe yote. Molekuli moja huhitaji elektroni 6 ili iwe methanoli, na 8 ili iwe methani, ilhali elektroni nyingi hurudi matunduni kabla ya kufanya kazi yoyote, na nyingine hunyakuliwa na maji, ikatoka haidrojeni. Isitoshe, titani dioksidi huamshwa na miale ya urujuanimno tu, ambayo ni takriban asilimia 5 ya nishati ya jua itufikiayo.

Usomapo habari za ugunduzi mpya, tazama kwanza kama watafiti walitumia hewa ya ukaa yenye kaboni-13, yaani kaboni iliyo nzito kidogo kuliko ya kawaida, ili ijulikane kama methani imetoka kweli katika hewa hiyo. Unga huweza kubaki na uchafu wa kaboni tangu ulipotengenezwa, na uchafu huo ukimulikwa hutoa methani yake wenyewe. Mimi matokeo yasiyopimwa hivyo siyaamini.

Sasa tuje kwenye mtungi wako. Mavuno huandikwa kwa mikromoli, yaani sehemu za milioni za moli, kipimo cha wanakemia, na tukikadiria mikromoli 10 za methani kwa kila gramu ya unga kwa saa, kilo nzima ya unga itatoa gramu 0.16 tu kwa saa. Kwa jua la saa 8 kila siku, kupata kilo 6 za gesi, yaani ujazo wa mtungi mdogo, kutakuchukua karibu miaka 13.