Bawasiri: tazama maji ya kuchambia kabla hujanunua dawa

Msimu wa korosho ukifunguliwa huku Tandahimba, kazi ya karani wa chama cha msingi ni kukaa. Mizani mbele, daftari mapajani, magunia yanaingia tangu asubuhi. Maji hunywi, maana ukiinuka kwenda kukojoa foleni nzima inakuja juu. Mboga za majani unazisahau, ugali wa muhogo na dagaa basi. Choo kinakuwa kigumu, unajikamua. Kwa hiyo nilipoona damu sikujiuliza imetoka wapi. Kilichonishangaza ni kwamba sikusikia maumivu yoyote.

Hapo ndipo wengi wanapodanganyika, wakisubiri paume. Bawasiri ni mishipa ya damu iliyovimba kwenye njia ya haja kubwa, na ile ya ndani hutokea sehemu isiyo na hisia ya maumivu, inaweza kutoa damu miezi na miezi kimya kimya. Damu yake ni nyekundu mbichi, inatoka unapojisaidia au ukimaliza tu, inadondoka au inapaka juu ya choo bila kuchanganyika nacho.

Makala nyingi zinakwambia uangalie karatasi ya chooni. Sisi tunachamba kwa maji, na choo ni cha shimo, damu ikishatumbukia nani ataiona? Mimi niliiona kwenye sementi: nilimimina maji ya kopo, yakapita miguuni yakiwa mekundu mepesi. Basi chamba wakati kuna mwanga, tazama maji yanayopita, kagua na nguo ya ndani. Mwenye kanzu nyeupe ya Ijumaa hujua mapema kuliko mwenye suruali nyeusi, ila huenda wakajua na wa safu ya nyuma.

Alama nyingine ni kinyama. Ukijikamua kinachomoza, ukisimama kinarudi chenyewe. Tatizo likikua hakirudi mpaka ukisukume kwa kidole, na baadaye kinabaki nje kabisa. Wakati wa kuchamba utakigusa: laini, kinateleza. Huja pamoja na muwasho, ute unaochafua nguo, na kuhisi choo hakijaisha. Wajawazito wa miezi ya mwisho huipata sana bawasiri.

Nilimweleza mjomba wangu, maana kwetu jambo zito halimpiti mjomba. Akacheka, akaiita bawasiri kwa jina la mtaani. "Mjomba, huo mgolo tu, hata mimi ninao, nachemsha mizizi." Nikamuuliza choo chake kikoje. Akasema cheusi tii, kinanata, kinanuka vibaya. Nikamwambia twende hospitali kesho yake, kwa sababu choo cha namna hiyo si bawasiri. Mara nyingi ni damu inayotoka juu, tumboni, kwa mfano kwenye vidonda vya tumbo. (Vidonge vya kuongeza damu navyo huleta choo cheusi, lakini yeye hakuwa anavitumia.)

Yako mengine yanayofanana. Ukijisaidia ukasikia kama umekatwa wembe na maumivu yakaendelea baadaye, huenda ni mpasuko wa njia ya haja kubwa. Muwasho unaozidi usiku, hasa kwa watoto, fikiria minyoo. Uvimbe wenye homa na usaha ni jipu. Ila damu iliyochanganyika na choo, kukonda, au choo kubadilika kwa wiki kadhaa, kikifunga mara kikiharisha, hasa ukiwa umevuka miaka 40, hiyo usiibahatishe. Saratani ya utumbo mpana huanza hivyo hivyo, na watu huiita bawasiri mpaka wakachelewa.

Halafu kuna wale wa kipaza sauti stendi na minadani. Mgongo unauma? Tumbo linanguruma? Nguvu za kiume zimepungua? Bawasiri hiyo, chukua chupa! Bawasiri haileti hayo. Inachoweza kuleta, damu ikitoka muda mrefu, ni upungufu wa damu: uchovu, kizunguzungu, moyo kwenda mbio.

Kupimwa kwenyewe ni kwa muda mfupi. Daktari alinilaza ubavu wa kushoto, magoti kifuani, akavaa glavu, akaingiza kidole chenye mafuta, kisha kibomba kifupi huku akimulika. Kile kibomba usikikatae: bawasiri ya ndani ni laini, kidole peke yake mara nyingi hakiigundui. Dawa yangu ya kwanza ikawa maji ya kunywa, mbaazi, matembele na mapapai, na kutokaa chooni nikichezea simu. Yupo anayefungwa mpira kwenye kinyama kikanyauka, yupo anayehitaji upasuaji.

Bawasiri ya nje iliyoganda damu ndiyo yenye haraka. Kivimbe kigumu, cha rangi ya zambarau, kinachojitokeza ghafla pembeni mwa njia ya haja kubwa hata kukaa huwezi, ndani yake kuna damu iliyoganda. Ukifika hospitali ndani ya siku 3 hivi za mwanzo, daktari anaweza kuitoa ukapata nafuu mapema. Ukichelewa zaidi, maumivu huwa yameanza kupungua yenyewe, na kawaida unapewa dawa ya maumivu na kuambiwa ukalie maji ya uvuguvugu kwenye beseni, bila chumvi wala dettol.