Mama mkwe, oveni na jua la Februari

SWALI: Shangazi, shikamoo. Tunaishi Columbus, jimbo la Ohio, Marekani, mimi, mume wangu na watoto watatu wa miaka 9, 6 na 2. Mama mkwe alikuja kutoka Marangu, Kilimanjaro, mwezi Desemba ili atusaidie kulea, na tulikaa vizuri mpaka mwishoni mwa Februari, hali ya hewa ilipogeuka kinyonga: Jumatatu nyuzi joto 15 na watoto wanacheza nje, Jumatano theluji inaanguka. Mama huwavalisha makoti mazito hata jua likiwaka, na kila nikifungua dirisha yeye hulifunga. Alfajiri, kabla nyumba haijapata joto, huwasha oveni ya gesi, akauacha mlango wake wazi na kumkalisha mdogo mbele yake, kama afanyavyo kwake mbele ya mafiga. Mume wangu anasema nisimkosoe mama yake. Nifanye nini nisionekane nimekosa adabu? – Mama wa Watatu

JIBU: Marahaba, mwanangu. Umeniandikia mambo matatu, na lile zito kuliko yote umeliweka mwisho. Ya makoti na dirisha yanaweza kungoja, lakini oveni hiyo isiwashwe tena kwa ajili ya kuota moto, hata kesho asubuhi.

Mama mkwe wako si mgeni wa baridi, kwa sababu Marangu ya Julai naifahamu. Tofauti ni nyumba. Jiko la kuni la kule aghalabu limejengwa kando, na moshi hupata mianya ya kutokea, ilhali nyumba yenu ya Ohio imezibwa kila upenyo ili joto lisipotee. Gesi ikiungua kwa muda mrefu mahali pasipo na hewa ya kutosha hutoa monoksidi ya kaboni, ambayo haina rangi wala harufu, na ndiyo maana mtu aliyezoea kuutambua ubaya wa moto kwa macho kuwasha hudhani kuwa jikoni ni salama. Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na uchovu, na msimu huu kila mtu atasema ni mafua. Mkiona mnaumwa wengi kwa pamoja, hamna homa, na mkitoka nje mnapata nafuu, tokeni wote na mpige 911, namba ya dharura ya huko, mkiwa nje. Wekeni kifaa cha kutoa tahadhari ya hewa hiyo kila ghorofa na karibu na vyumba vya kulala, nacho mkijaribu kila mwezi kwa kubonyeza kitufe chake. Sijazungumzia hata mtoto wa miaka miwili na mlango wa oveni ulio moto.

Nani amwambie? Mumeo. Neno kama hili likitoka kwa mkamwana husikika kama shutuma, bali likitoka kwa mwanawe wa kumzaa ni taarifa, na yeye anayekutaka unyamaze ndiye mwenye wajibu wa kusema. Lakini asiende kwa mama yake mikono mitupu, maana bibi anawasha oveni kwa kuwa kweli anaona baridi. Aipange hita ianze kufanya kazi saa nzima kabla bibi hajaamka, ili anapoingia jikoni akute nyuzi 20 zinamsubiri, na apewe soksi za sufu na blanketi la kujifunika magotini.

Kuhusu makoti, nusu ya haki iko kwake. Jua la mwisho wa Februari hung'aa kwenye kioo cha dirisha huku nje kukiwa na nyuzi 3, na likizama joto huporomoka mara moja. Hata hivyo, mtoto anayekimbia ndani ya koti zito hutoka jasho, na nguo iliyolowa jasho humtia baridi kuliko upepo wenyewe. Mvalisheni fulana, sweta, kisha koti jepesi la kuzuia upepo, avue moja moja. Bibi aingize vidole kisogoni mwa mtoto, na akikuta unyevu, nguo moja itoke. Angalieni zaidi miguu, kwa sababu theluji inayoyeyuka hupenya viatu, na jozi ya pili ya soksi ndani ya mkoba wa shule ina faida kuliko koti la pili. Garini, mvueni mdogo koti nene kabla ya kumfunga mikanda ya kiti chake, kwa kuwa gari likigonga, pamba ya koti hubonyea na mikanda ikabaki imelegea. Mfungeni kwanza, halafu mfunikeni kwa koti hilohilo au kwa kitenge cha bibi.

Dirisha lifunguliwe dakika kumi wakati wa adhuhuri, bibi akiwa chumba kingine. Mafua huletwa na virusi, ambavyo huenea kirahisi watu wanapojifungia pamoja, ingawa sikushauri uanze kumfundisha jambo hilo mezani.

Ninachokihofia zaidi kwa upande wake ni ngazi za mbele. Maji yanayoyeyuka mchana huganda usiku yakawa barafu isiyoonekana, naye kwa mazoea ya nyumbani atataka kufagia alfajiri. Mumeo amwage chumvi ya kuyeyusha barafu kila jioni kabla ya kulala.

Kisha nunueni kipimajoto chenye tarakimu kubwa za selsiasi, mkiweke nje ya dirisha la jikoni, na bibi awe ndiye anayekisoma kila asubuhi na kutangaza watoto wavae nini. Amekuwa akiyasoma mawingu ya Kibo, kilele cha Kilimanjaro, tangu utotoni, kazi hiyo haitamshinda. Kibandikeni upande wa kivuli tu, kwani kikipigwa na jua nacho kitadanganya.