Maswali na Majibu: Bega la Deraya, Betri na Mguu Unaoteleza

Maswali ya safari hii yametoka Chumbageni hadi Pangani, na yote ni ya deraya za mota kwenye gemu: suti ya chuma anayoivaa mhusika mwilini. Roboti linaloendeshwa na mtu aliyeketi ndani ni habari nyingine, msinichanganyie.

Ni gemu gani ina deraya kali kuliko zote? (Makorora)

Kali kwa lipi? Swali hili linarudi kila mara, na kila mara linakuja bila kichwa wala miguu.

Fundi, nachora deraya kwenye Blender, programu ya kuchora maumbo ya 3D. Mkono ukiinuka, bamba la bega linazama kwenye kofia. Nipunguze bega? (Chumbageni)

Kabla ya kupunguza, tazama umelifunga wapi. Ukilifunga kwenye mfupa wa mkono (mifupa ya kwenye programu ndiyo inayomsogeza mhusika), mkono ukipanda nyuzi 90 bamba zima linapanda nao hadi shingoni. Ukilifunga kifuani, mkono unagota. Ongeza mfupa wa ziada ulioshikwa na mtulinga, uuamuru unakili mzunguko wa mkono kwa nguvu ya 0.5: mkono ukienda nyuzi 90, bamba linakwenda 45. Kati ya bamba na kofia acha sentimita 4 hivi.

Halafu, kabla hujagusa rangi, mweke mhusika katika mikao mitano: mikono juu, mikono imekunjwa kifuani, kuchuchumaa, goti moja chini, na kulenga bunduki. Kuchuchumaa ndiko kunakoumbua deraya nyingi, maana bamba la paja hugonga la tumbo. Likate la tumbo vipande vitatu vinavyoingiana kama mkia wa kambakochi.

Na bega kubwa liwe na sababu. Gemu ya Metroid ya 1986 ilitofautisha suti ya Varia, ile iliyoboreshwa, na ya kawaida kwa rangi. Metroid II ilipokuja kwenye Game Boy mwaka 1991, skrini haikuwa na rangi, basi Varia ikapewa mabega makubwa ya mviringo ili mchezaji aitambue kwa umbo. Ya kwako jaribu hivi: ijaze weusi mtupu, ipunguze ilingane na kidole gumba. Usipoitambua, taa za buluu unazozirundika kwenye kila kiungo hazitakusaidia.

Betri iishe au isiishe? Wachezaji hawapendi kukwama. (Raskazone)

Iishe. Deraya isiyoishiwa nguvu ni namba ya uhai iliyovishwa bati, na gemu za namna hiyo zimejaa.

Anza na hesabu ya kweli. Betri za lithiamu hubeba takriban wati-saa 200 kwa kilo. Suti inayokula wati 2,000, yenye betri za kilo 20, inapata saa mbili. Kwenye gemu zibane saa hizo ziwe dakika 8 au 10, na malipo yafuate kitendo: kusimama bure, kutembea kidogo, kukimbia na kuruka ghali. Crysis ya 2007 ilitumia akiba moja kwa kila kitu, ulinzi, nguvu, mbio na kujificha, kwa hiyo kila uamuzi ulikuwa na bei. Fallout 4 ya 2015 ilianza vizuri, kukimbia kunakula nishati upesi, lakini baadaye mchezaji anakuwa na viini, yaani betri za suti, vya akiba tele na kikwazo kinakufa. Weka kikomo cha akiba, viwili vinatosha.

Hofu ya kukwama ina haki. Kiini kikiisha kwenye Fallout 4 bado unatembea, kwa kujikokota. Iga hapo. Njia nyingine ni joto: Anthem ya 2019, iliyolaumiwa kwa mengi, iliipatia hii. Ukiruka sana suti ilichemka na ulishuka, ila ukipita kwenye maporomoko ya maji ilipoa. Mchezaji alianza kuisoma ramani.

Deraya yangu inateleza ikitembea, haina uzito. Niongeze mtikisiko wa kamera? (Pangani)

Kamera iache. Pima hatua. Hatua ya mita 0.9, hatua 1.6 kwa sekunde, ni mwendo wa mita 1.44 kwa sekunde. Kama programu inamsukuma mhusika mita 3 kwa sekunde, mguu lazima uteleze. Sawazisha hizo mbili kwanza. Kisha mpe mhusika sekunde 0.35 kufikia mwendo kamili na 0.25 kusimama. Kulenga kusicheleweshwe hata kidogo. Wanaochelewesha kitufe kwa kisingizio cha uzito wanatengeneza gemu mbovu. Kishindo kilie kwenye fremu (picha moja ya mwendo) ileile unyayo unapogusa chini, mlio wa mota utangulie kidogo.

Ardhi nayo ijibu. Mtu wa kilo 70 akisimama mguu mmoja hukandamiza kama kilo 0.35 kwa kila sentimita ya mraba. Suti ya kilo 400 yenye unyayo wa sentimita 15 kwa 40 inafika 0.67, karibu mara mbili. Wewe wa Pangani unajua tope la mikoko linavyomfanya hata mtu asiye na suti. Suti yako ikilipita kavukavu, mchezaji hataamini hata kishindo cha sakafuni.

Mstari unaoonyesha uhai uliobaki niuweke wapi? (Muheza)

Mwilini. Dead Space ya 2008 iliuweka kwenye uti wa mgongo wa suti. Kama gemu yako inaonekana kwa macho ya mhusika, mgongo hauonekani. Tumia king'ora ngao inapoisha, kama gemu ya Halo.

Ya mwanamke iweje? (Ngamiani)

Vilevile. Bamba lililofinyangwa matiti mawili huelekeza pigo katikati ya kifua.

Nimepakua suti ya Master Chief, shujaa wa Halo, nimebadili rangi. Naweza kuuza gemu? (Mikanjuni)

Hapana. Rangi haibadilishi mwenye mali, na mwenye Halo ni Microsoft. Akilalamika, duka linaiondoa gemu yako. Chora yako: kwa gemu ya simu, pembetatu 8,000 hadi 12,000 za kuunda umbo zinatosha, na mguu wa kushoto ni wa kulia uliogeuzwa.