Maswali yenu: yoga, dawa za Kihindi na kidonge cha presha

Toleo lililopita niligusia jinsi serikali ya India inavyoingiza yoga na tiba zake za asili katika huduma za afya za umma. Barua zimemiminika. Nimechagua sita. Za presha na kisukari nimezipa nafasi kubwa kwa sababu humo ndimo watu wanamopotezea maisha.

Shikamoo mama. Mama yangu mzazi ana miaka 61, kila asubuhi anameza vidonge vya presha. Kaka yetu anayesoma India anasema kule serikali yenyewe inafundisha yoga kwenye zahanati, basi aache vidonge ashike yoga. Ni sawa? (Morogoro)

Marahaba mwanangu. Asiache hata siku moja.

Kaka yako hajadanganya kuhusu zahanati. India ilipanga vituo 12,500 vya afya ya msingi viendeshwe chini ya Wizara ya Ayush, yaani ya tiba za asili, na humo wananchi hufundishwa yoga na kushauriwa juu ya chakula. Ila habari ya kuacha vidonge ameiongeza mwenyewe. Katika mpango huo watu hupimwa presha na sukari, na anayehitaji dawa hupelekwa kwa daktari. Yoga ni nyongeza.

Tena Wahindi hawakuishia kusema tu, walipima. Jaribio liitwalo Yoga-CaRe, lililochapishwa mwaka 2020, lilichukua wagonjwa 3,959 waliotoka kupata mshtuko wa moyo, katika hospitali 24 za India. Nusu walifundishwa yoga, nusu walipewa ushauri wa kawaida, na wote waliendelea na matibabu yao. Waliofanya yoga walijisikia nafuu zaidi na wakarudi kwenye shughuli zao vizuri zaidi. Lakini vifo na mishtuko mipya ya moyo haikupungua kwa kiasi cha kuthibitisha kwamba yoga ndiyo iliyowakinga. Nalipenda sana jaribio hili kwa sababu halimpendelei mtu.

Kwa presha, yoga hushusha kidogo, hasa ikienda pamoja na kupunguza chumvi. Mama na afanye: kunyoosha mwili, kuvuta pumzi polepole, robo saa au nusu saa. Asisimame kwa kichwa wala kuinamisha kichwa chini kwa muda mrefu. Presha ikishuka, daktari ndiye atakayepunguza dozi. Nimekaa miaka mingi dirishani duka la dawa, na niliowaona wakiacha vidonge kwa kuwa "wanajisikia vizuri" wengine walirudi wakisukumwa kwenye kigari, mdomo umepinda kwa kiharusi. Mwambie kaka yako hivyo, kwa upole, maana nia yake ni njema.

Ayush ni nini hasa? (Dodoma)

Ni herufi za mwanzo za tiba zinazosimamiwa pamoja: Ayurveda (tiba ya kale ya Kihindi), Yoga na tiba ya maumbile, Unani, Siddha (tiba ya kale ya Watamil wa kusini mwa India) na Homiopathi. Idara yake ilianzishwa mwaka 1995, ikapewa jina la Ayush mwaka 2003, ikawa wizara kamili tarehe 9 Novemba 2014. Daktari wa Ayurveda husoma chuoni miaka mitano na nusu, ukijumlisha mwaka wa mafunzo kwa vitendo, kisha husajiliwa.

Unani ina undugu na sisi watu wa pwani. Jina lenyewe ni Yunani, yaani Ugiriki: ilitoka huko, ikapita kwa Waarabu na kwa tabibu Ibn Sina, ikafika Delhi. Bibi wa Lamu anayesema chakula hiki ni cha baridi na kile ni cha moto, tabibu wa Unani atamwelewa bila mkalimani.

Nina kisukari. Kuna dada anauza WhatsApp unga wa Ayurveda kutoka India, anasema unaponya kabisa kwa siku 90 na kwamba serikali ya India imeuidhinisha. Nimeshatumia kopo moja, sukari imeshuka kweli. (Temeke)

Acha unga, lakini endelea na dawa zako za kliniki, na wiki hii hii nenda ukapimwe sukari, figo na ini. Kopo usilitupe, mwonyeshe daktari.

India ina sheria tangu mwaka 1954 inayokataza kutangaza dawa kwamba inaponya kisukari. Kwa hiyo tangazo la dada huyo ni kosa hata huko anakosema limeidhinishwa. Kiwanda kuwa na leseni hakumaanishi kwamba serikali imethibitisha uponyaji.

Sukari kushuka ndiko kunakonitisha zaidi. Duniani kumewahi kukutwa "dawa za asili" za kisukari zilizotiwa vidonge vya hospitali kimyakimya. Ukimeza hivyo juu ya dawa zako, sukari inaweza kushuka usiku ukazimia kitandani. Ukiona jasho la baridi, mikono inatetemeka na njaa ya ghafla, kunywa chai ya sukari au soda mara moja, halafu nenda hospitali.

La pili ni madini. Ayurveda ina tawi linalotumia zebaki na metali nyingine kwa makusudi, wakiamini zimesafishwa kwa moto. Mwaka 2008 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya kupima dawa 193 za Ayurveda zilizonunuliwa kwenye intaneti: takriban moja kati ya tano ilikuwa na madini ya risasi, zebaki au aseniki. Risasi huleta msokoto wa tumbo, choo kigumu na upungufu wa damu. Ukiwa na dalili hizo, taja unga huo mapema, la sivyo watakutibu vidonda vya tumbo.

Mimi ni Mwislamu. Yoga si ibada ya Kihindu? (Mombasa)

Fatwa si kazi yangu, ila naweza kukueleza kilichopo ili sheikh wako ahukumu jambo lenyewe. Umoja wa Mataifa ulipitisha Siku ya Kimataifa ya Yoga Desemba 2014, na ya kwanza ikaadhimishwa 21 Juni 2015. Mwaka huo baadhi ya Waislamu wa India walipinga mkao wa kusalimu jua, na serikali ikautoa kwenye programu ya siku hiyo. Utaratibu wa wizara bado hufunguliwa kwa dua ya Kisanskriti. Baraza la fatwa la Malaysia mwaka 2008 lilikataza yoga. Saudi Arabia mwaka 2017 iliikubali kama mchezo. Mgongo wako utanufaika na kunyooshwa bila neno lolote kutamkwa.

Baba ana presha ya macho. Tangu Raila Odinga afariki kule Kerala, India, nyumbani wanazungumzia hospitali za Ayurveda za huko. Tumpeleke? (Kisumu)

Poleni kwa msiba ule. Raila alianguka akiwa matembezini asubuhi tarehe 15 Oktoba 2025, moyo ukasimama. Kerala ilikwisha kujulikana Kenya kabla ya hapo: Februari 2022 Waziri Mkuu Modi alisimulia redioni jinsi Rosemary, binti wa Raila, alivyopata nafuu ya macho huko.

Namfurahia kwa dhati. Lakini ugonjwa wa baba ni mwingine. Presha ya macho huua mshipa wa fahamu wa jicho, na ukishakufa haurudi. Matone au upasuaji hushusha presha na kuokoa uoni uliobaki. Kila mwezi mnaochangisha nauli bila matone, anapoteza kitu. Aanze kwa daktari wa macho hapo hapo. Baadaye mkitaka kwenda, India ina viza maalumu ya Ayush tangu 2023. Asafiri na matone yake, ayatie kila siku, na akatae mikao ya kichwa chini.

Muarobaini nao ni wa Wahindi? (Tanga)

Ndiyo, mti huo asili yake ni huko. Wao huuita nim. Majani machungu mnayajua. Mafuta ya mbegu zake mtoto mchanga asinyweshwe kamwe: yameshaleta degedege na vifo. Na mjamzito asitumie.