Saa Moja Ndani ya Colosseum

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi na mke wangu tutakuwa Roma kwa siku moja tu, na tumepata nafasi katika ziara ya saa moja ya Colosseum, ule uwanja wa kale wa Kirumi wa maonyesho ya mapigano, pamoja na mwongozaji. Je, muda huo unatosha, au ni afadhali tuzunguke wenyewe?

JIBU: Ndugu msomaji, muda huo ni mfupi lakini unatosha, na ninawasihi mwende na mwongozaji, kwa kuwa mawe yale hayajielezi. Kabla ya kuingia, inueni macho juu ya matao ya upande wa kaskazini, nanyi mtaona namba za Kirumi zilizochongwa kwenye mawe. Ndizo zilizomwonyesha mtazamaji mlango wake, katika jengo lenye milango 80 lililochukua watu wapatao 50,000. Matundu yaliyotapakaa ukutani si alama za vita: humo ndimo vilimong'olewa vibanio vya chuma vilivyoshikanisha mawe, katika Zama za Kati.

Ujenzi ulianzishwa na mfalme Vespasian, na mwanawe Titus akalizindua jengo mwaka 80 baada ya Kristo. Mkiwa ndani, msikimbilie ghorofa za juu. Simameni ukingoni mtazame chini, kwenye vijia vyembamba ambamo wanyama na wapiganaji walisubiri gizani, huku umati ukinguruma juu yao, mpaka walipopandishwa uwanjani kwa lifti za mbao zilizoendeshwa kwa nguvu za watu. Kwangu mimi, hapo ndipo penye uzito wote wa mahali hapa. Ziara nyingi fupi haziwashushi wageni huko, basi ulizeni kabla ya kulipa. Tiketi huandikwa jina la mgeni, kwa hiyo chukueni pasipoti.