Koki ya oili usiiache peke yake

Mdogo wangu uliyeanza zamu kwenye chumba cha kompresa, wiki ya kwanza utatoka machozi kila ukipita karibu na pampu. Mwezi ukiisha hutasikia kitu, na hapo ndipo mimi naanza kukuogopea. Pua huzoea. Amonia, gesi kali inayozungushwa na kompresa ili kuleta baridi, ikifika sehemu 300 kwa milioni ya hewa inahesabiwa kuwa hatari ya maisha papo hapo, ila pua iliyozoea haiwezi kukwambia kama umesimama kwenye 30 au 130. Soma kipima gesi.

Ajali niliyoishuhudia kwenye kiwanda cha samaki haikutokana na bomba kupasuka. Tulikuwa tunatoa oili ya kompresa iliyoingia kwenye tangi la amonia, kazi ya kila wiki. Oili ni nzito kuliko amonia iliyo majimaji, kwa hiyo inatuama chini ya tangi, na ikiwa ya baridi inatoka polepole kama uji mzito. Mwenzetu alichoka kungoja, akafungua koki zaidi, akaenda kupokea simu. Oili ilipokwisha, amonia ikafuata. Inachemka kwenye nyuzi 33 chini ya sifuri, hivyo ndoo ilitokota pale sakafuni na wingu jeupe likatambaa usawa wa magoti hadi mlangoni. Alirudi mbio kufunga, maski ikiwa shingoni. Tulimwosha macho kwa maji mengi robo saa nzima, huku akipiga kelele.

Siku hizi tuna koki ya springi, ukiiachia inajifunga. Lakini mafundi ni mafundi: utakuta mtu ameifunga kwa waya ibaki wazi ili akae. Ukate huo waya, hata kama ni wa bosi wako. Na kazi hii ni ya watu wawili, maski usoni, feni ikiwaka.

Dimbwi la amonia usilimwagie maji. Yanalipasha joto linazidi kuchemka. Maji ni ya kunyunyizia wingu lililo hewani.

Utasikia wazee wakisema amonia haiwaki. Huwaka ikiwa asilimia 15 hadi 28 ya hewa, na mvuke wa oili ukichanganyika nayo inawaka hata chini ya hapo. Uwanjani haifiki huko kirahisi. Kwenye ghala lililofungwa inafika. Mwaka 1984 huko Shreveport, Marekani, wazimamoto wawili waliingia kwenye ghala la baridi kudhibiti uvujaji wakiwa na suti kamili za kuzuia gesi. Foklifti ikatoa cheche, hewa ikalipuka, mmoja akafa. Suti ile ilitengenezwa kuzuia gesi, si moto. Kwa hiyo harufu ikizidi, usiwashe wala usizime chochote humo ndani, hata taa. Toka, uende kwa kukatiza mkondo wa upepo.

Swichi ya feni ya dharura iko nje, kulia kwa mlango. Leo kabla hujavua ovaroli, nenda kaitafute ukiwa umefumba macho.