Begi la Mgongoni Linalokukaa: Kwa Wanaoanza Kutembea Milima ya Kusini

Mvua zikishakata na majani ya njiani yakaanza kukauka, ndipo ninapopata watembezi wapya. Wengine ni wanafunzi wa vyuo, wengine walimu na wauguzi waliopangiwa kazi Masasi, Newala au Lindi, na wanataka kuijua nchi waliyofikia kwa miguu yao wenyewe. Karibu wote huuliza kwanza habari za viatu. Swali zuri, lakini kwa niliyoyaona nikiongoza watu, anayekwama akipanda kutoka Ndanda au akielekea msitu wa Rondo mara nyingi hajashindwa na miguu. Ameshindwa na mabega. Begi limemvuta nyuma tangu alfajiri, shingo imekakamaa, vidole vinafanya ganzi, na ikifika saa nne jua linapokolea hana tena hamu ya kutazama chochote.

Kwa hiyo leo nasema habari za begi tu. Ukitaka jambo moja la kushika, shika hili: uzito ubebwe na nyonga, kazi ya mabega ni kulizuia begi lisiyumbe. Mengine yote nitakayosema yanatoka hapo.

Mwangalie mama wa Newala anavyopanda kutoka bondeni na dumu la lita 20 kichwani. Ngata imekaa utosini sawasawa, shingo imenyooka, na uzito unashuka wima kwenye uti wa mgongo hadi nyongani na miguuni. Misuli haihangaiki sana kuuvuta mzigo usianguke. Begi zuri nalo linatafuta njia ya mifupa, ila linaingilia chini: mkanda wa kiunoni unaushika ukingo wa mfupa wa nyonga, na uzito unapita moja kwa moja kwenda miguuni bila kuyachosha mabega. Begi lisilo na mkanda wa kiunoni ulio mpana na wenye sponji ni begi la shule. Litakufaa kwa matembezi ya saa mbili tatu na chupa ya maji, si kwa safari ya kulala porini.

Sasa kipimo. Wengi huchagua begi kwa kuangalia kimo chao, na hapo ndipo pesa inapopotea. Kinachotakiwa ni urefu wa mgongo. Mtu mrefu anaweza kuwa na miguu mirefu na mgongo mfupi, na mtu mfupi akamzidi mgongo. Azima futi ya fundi cherehani, umwombe mwenzako akupime. Inamisha kichwa mbele. Pale shingo inapokutana na mabega kuna mfupa unaochomoza, hapo ndipo pa kuanzia. Kisha jishike kiuno, vidole gumba vikiwa nyuma, viganja vikiwa juu ya ukingo wa mifupa ya nyonga. Mahali ambapo vidole gumba vinaelekeana mgongoni ndipo pa kuishia. Futi ifuate mkunjo wa mgongo, isivutwe ikanyooka hewani. Watu wazima wengi huangukia kati ya sentimita 40 na 50 hivi. Andika namba yako kwenye simu, kwa sababu ndiyo utakayokwenda nayo sokoni.

Sokoni nasema mitumba, maana wengi wetu ndiko tunakonunua. Mabegi mazuri sana hupita kwenye meza za mitumba za Mtwara na Masasi, kwa bei ambayo mwanafunzi anaiweza, ila yanataka jicho. Kunja mkono wa shati, uingize mkono ndani hadi chini kabisa, usugue kitambaa kwa kidole. Ukihisi kunata, au utando wa ndani unabanduka kama ngozi iliyoungua na jua, liache. Ule utando ndio uliokuwa unazuia maji, na ukishaanza kuoza kwa joto na unyevu hakuna dawa. Utavaa nguo zenye vumbi jeupe na harufu mbaya mpaka ulitupe. Kisha bonyeza sponji ya mkanda wa kiunoni kwa kidole gumba. Ikirudi, nzuri. Ikibaki na shimo, imekwisha. Tazama vifungo vya plastiki kwenye mwanga: vyenye mistari myeupe myembamba vimechoshwa na jua, vitapasuka siku usiyotarajia. Zipu ifungue na kuifunga kona zote, hasa pale inapopinda. Mkanda ulioachia mshono usikutishe, fundi viatu anaushona kwa uzi wa nailoni ukawa imara kuliko ulivyotoka kiwandani.

Halafu lijaribu likiwa na uzito. Hili watu wanaliona aibu, nami nalisisitiza kila mara. Begi tupu linamkaa kila mtu. Muuzaji atakwambia, "Chukua hili kubwa, kaka, linameza kila kitu." Mjibu kwa adabu, "Sawa kaka, naomba niweke mzigo kidogo nilisikilizie." Nenda na chupa nane za maji za lita moja na nusu, au muombe mwenye duka la jirani akuazime mfuko wa mchele. Maji lita moja ni kilo moja, kwa hiyo chupa hizo nane ni kilo 12, mzigo wa kweli. Livae, tembea hadi mwisho wa safu ya vibanda na kurudi, panda ngazi kama zipo, inama kama unayefunga kamba za viatu. Mwili utakwambia.

Ukubwa usikusumbue sana. Kwa kwenda na kurudi siku hiyohiyo, lita 20 hadi 30 zinatosha. Kwa kulala usiku mmoja au mbili, 40 hadi 55. Zaidi ya hapo, kwa nchi yetu ya joto ambako hatubebi makoti wala blanketi nzito, nafasi iliyobaki utaijaza vitu usivyovihitaji. Kuhusu kilo, kanuni wanayoitumia watembezi wengi duniani ni kwamba begi la siku moja lisizidi sehemu moja ya kumi ya uzito wako, na la kulala njiani lisizidi sehemu moja ya tano. Mwenye kilo 60 asivuke kilo 12. Mizani haikosekani: vijiji vingi vya korosho vina chama cha msingi cha ushirika na mizani yake, na mwenye ghala ukimsalimia vizuri atakupimia.

Kulivaa kuna mpangilio, na mpangilio huo ndio ninaourudia mpaka watu wanachoka nao. Legeza mikanda yote kwanza. Yote. Usilirushe begi mgongoni. Piga goti kidogo, livute lipande pajani, ingiza mkono mmoja, geuka, ingiza wa pili. Inama mbele kidogo ili begi likae mgongoni lenyewe, kisha funga mkanda wa kiunoni, katikati ya upana wake ikiwa juu ya ukingo wa nyonga. Si tumboni, si makalioni. Kaza. Ndipo unyooke, na uvute mikanda ya mabegani mpaka ikumbatie mabega bila kuacha mwanya, lakini isiyanyanyue wala kuyabana. Vile vikanda vidogo vinavyotoka juu ya bega kwenda kichwani mwa begi, vivute hadi vikae mshazari wa nyuzi 45 hivi; ndivyo vinavyolileta begi karibu na mwili wako lisikuvute nyuma. Mwisho mkanda wa kifuani, vidole viwili vitatu chini ya mitulinga, ulegee kiasi cha kukuachia upumue kwa kifua kizima.

Kuna binti mmoja mwanafunzi, tulikuwa tunapanda ukingo wa uwanda wa Makonde, kila hatua kumi anasimama anajikunyata mabega. Nikamwuliza, "Mdogo wangu, panauma wapi?" Akaonyesha shingo. Nilipoingiza kiganja kati ya bega lake na mkanda, nikakuta uzito wote uko pale, mkanda wa kiunoni unaning'inia tu. Sababu yenyewe ilikuwa kanga. Alikuwa amejifunga kanga juu ya suruali, fundo limekaa palepale mkanda unapopaswa kubana, akaona bora aulegeze. Tukalihamishia fundo la kanga ubavuni, juu zaidi, akatoa simu na funguo mfukoni, tukafunga upya tangu mwanzo. Alinitazama akasema, "Kaka, mbona limepungua?" Hakuna kilichotolewa ndani. Tangu hapo nikiongoza kina dada nawauliza habari ya fundo kabla hatujaondoka, na kina kaka nawaambia watoe mikanda ya suruali yenye bizimu kubwa za chuma. Kwa kina dada, niongeze: yapo mabegi yaliyoshonwa kwa mgongo mfupi na mikanda ya mabegani iliyopinda ili isibane kifua. Ukilipata kwenye mitumba, lichukue.

Kupanga vitu ndani hakuna mengi. Laini na vya usiku chini kabisa, vizito katikati na karibu na mgongo, vyepesi nje na juu. Sufuria na unga vikikaa mbali na mgongo, begi linakuvuta nyuma hata likiwa limefungwa vizuri. Kinachohitaji kufikirika kwelikweli huku kwetu ni maji. Juu ya uwanda wa Makonde ardhi ni ya kichanga, mvua inazama, na vijito hakuna. Chemchemi ziko mabondeni, chini ya kingo. Kwa hiyo unayekwenda kutembea juu kule, maji yako yote umeyabeba. Mtu anayetembea kwenye jua letu anataka nusu lita kwa saa, na kwenye mpando wa mchana hata lita nzima. Lita nne ni kilo nne, na hizo ndizo zinazoamua begi lako, si nguo. Ziweke chupa mbili kubwa ndani karibu na mgongo, na ndogo mifuko ya pembeni, moja kila upande, unapozifikia bila kuvua. Unapokunywa, kunywa kutoka pande zote mbili kwa zamu, begi lisiegemee upande mmoja.

Usining'inize vitu nje. Hili halihusu uzito tu. Vichaka vyetu vya kiangazi vina upupu, na taulo au sweta linaloburuzwa kwenye upupu litakuwasha usiku kucha utakapojifunika. Na unapopumzika, lining'inize begi kwenye tawi badala ya kulilaza majanini, kwa ajili ya siafu na kupe.

Mkiwa kundi, gawaneni mzigo kwa uwezo, si kwa idadi ya watu. Nchi hii inajua kazi hiyo. Kati ya mwaka 1909 na 1913, mifupa ya mijusi wakubwa wa kale iliyochimbwa kwenye kilima cha Tendaguru ilibebwa na wapagazi, vichwani na kwa miti mabegani, mwendo wa siku kama nne kufika bandari ya Lindi, ikapakiwa meli kwenda Ujerumani. Msimamizi mmojawapo aliyetambulika sana wa wachimbaji alikuwa Boheti bin Amrani. Mifupa mizito vile ilifika kwa sababu ilikatwa vipande, ikafungwa, kila fungu likawa la kubebeka na mtu. Kundi la watu watano wenye sufuria tano halijajipanga. Aliye mwepesi wa mwili abebe mkate na korosho, mwenye mwili abebe turubai. Na ukienda Tendaguru kwenyewe, kipande cha mfupa utakachokiona kiache palepale, ni mali ya urithi wa nchi; msitu wa hifadhi nao una kibali chake, uliza ofisi ya misitu mapema.

Hata kiangazi, weka nailoni nene ndani ya begi, ile inayouzwa kwa mita kwenye maduka ya ujenzi. Ikunje, ufunge juu. Jasho la mgongo linapenya kuliko mvua, na kifuniko cha nje hakizuii upande unaougusa mwili. Msitumie mifuko ya salfa, ile dawa ya unga ya mikorosho, hata ikiwa imeoshwa. Naiona sana, kwa sababu msimu wa kutembea ndio msimu wa kupulizia mikorosho dhidi ya ugonjwa wa ubwiriunga na mifuko iko kila mahali. Vumbi lake likikutana na jasho linawasha ngozi na macho yanachoma.

Ukirudi, toa kila kitu, geuza begi kichwa chini ulikung'ute mchanga. Kama ulifika Msimbati au ufukwe wowote, lioshe kwa maji baridi, chumvi inakula zipu. Zipu ikigoma, sugua meno yake kwa mshumaa. Lianike kivulini penye upepo, jua kali linaua nailoni, kisha litundike ukutani, zipu zote zikiwa wazi, usilisukume uvunguni likapata ukungu. Pitisha mkono kila mfuko kabla ya kulitundika. Korosho moja iliyosahaulika kwenye mfuko wa mkanda inatosha panya kutoboa begi ulilolitafuta miezi mitatu.